Swali Lile Lile, Mara Kumi na Mbili

Mara ya kwanza kumwona Jeremy Paxman ilikuwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Tulikuwa wanafunzi wanne wa uandishi wa habari, tumebanana juu ya kitanda kimoja cha bweni, bando la mwenzetu linakaribia kwisha, na ndani ya simu kuna Mwingereza mwenye tai anamuuliza Mwingereza mwingine mwenye tai swali moja. Anauliza. Mwenzake anajibu jambo jingine. Anauliza tena, maneno yale yale. Tukaanza kuhesabu kwa sauti, kama watoto wanavyohesabu danadana. Tulipofika kumi na mbili mmoja wetu alipiga ukelele hadi chumba cha pili wakagonga ukuta.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua wale watu walikuwa wanabishania nini. Tulijua idadi tu. Nimekaa na jambo hilo kwa miaka mingi sasa, kwa sababu nadhani ndilo linaloeleza vizuri zaidi kazi ya Paxman na hasara iliyokuja nayo, kuliko sifa zote alizopewa alipostaafu.

Basi walikuwa wanabishania hivi. Januari 1995 wafungwa watatu walitoroka katika gereza la Parkhurst, kwenye kisiwa cha Wight. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa Michael Howard. Mkuu wa idara ya magereza alikuwa Derek Lewis. Mkuu wa gereza lenyewe, John Marriott, aliondolewa kwenye nafasi yake. Swali lilikuwa: je, Howard alitaka Marriott asimamishwe kazi papo hapo, na Lewis alipokataa, alimtishia kwamba atautengua uamuzi wake? Kwa utaratibu waziri alitakiwa kuweka sera, na uendeshaji wa magereza aachiwe mtendaji. Kama alimtishia, basi alikuwa ameuvuka mpaka, na maelezo aliyolipa Bunge yalikuwa na mashaka. Lewis alifukuzwa kazi Oktoba 1995. Alikuwa na maelezo yake, na hakuyaficha.

Tarehe 13 Mei 1997, chama cha Conservative kikiwa kimeshindwa vibaya kwenye uchaguzi siku chache tu nyuma, Howard alikuja katika studio ya kipindi cha Newsnight cha BBC akiwa mgombea wa uongozi wa chama. Paxman akamuuliza: ulimtishia kwamba utautengua uamuzi wake? Howard akajibu kwamba hakuwa na mamlaka ya kumwamuru Lewis, na kwamba hakumwamuru. Sikiliza vizuri hapo. Aliulizwa kuhusu kutisha, akajibu kuhusu kuamuru. Maneno hayo mawili yanafanana kiasi kwamba msikilizaji aliyechoka, saa za usiku, anaweza kudhani amejibiwa. Kazi yote ya Paxman katika zile dakika ilikuwa kuzuia neno moja lisibadilishwe na jingine.

Hilo ni tendo la lugha. Sisi tuliokuwa kitandani tuliliona kama ndondi.

Kuna kiambatanisho kinachowaudhi mashabiki. Baadaye Paxman mwenyewe alieleza kwamba aliendelea kurudia swali kwa sababu taarifa iliyotakiwa kufuata ilikuwa haijawa tayari, na kwenye kisikizi aliambiwa azidi kuvuta muda. Kwa hiyo mahojiano yanayofundishwa kama kilele cha ujasiri wa uandishi wa habari, kwa sehemu, yalitokana na mkanda uliochelewa. Wapo wanaodhani maelezo hayo ni unyenyekevu wa kujifanya. Mimi nayaamini, kwa sababu nimewahi kukaa katika chumba cha kurushia matangazo na najua namna mambo makubwa yanavyotokea huko. Ila mkanda kuchelewa hakuelezi kwa nini alichagua swali lile. Angeweza kuuvuta muda kwa maswali kumi na mawili tofauti, kama tufanyavyo wengi wetu, na leo tusingekumbuka hata moja.

Mwezi uliofuata Howard alishika nafasi ya mwisho katika raundi ya kwanza ya kura za wabunge wa chama chake: watano waligombea, yeye akapata kura 23. Ni rahisi kusema Paxman ndiye aliyemwangusha. Lakini Ann Widdecombe, aliyekuwa waziri chini yake akishughulikia magereza, alikuwa naye amemgeuka, na chama kizima kilikuwa kimechanganyikiwa. Halafu Novemba 2003 Howard huyo huyo akawa kiongozi wa chama bila kupingwa. Na katika kipindi cha mwisho cha Paxman Newsnight, Juni 2014, usiku ule ule ambao Paxman aliendesha baiskeli ya watu wawili pamoja na Boris Johnson, Howard alijitokeza na swali likarudi, safari hii watu wanacheka. Miaka kumi na saba, na swali la uwajibikaji limegeuka utani wa wazee wawili. Nilipoiona sehemu hiyo nilicheka pia, kisha nikajisikia kama mtu aliyegundua kwamba mwamuzi na timu ngeni hula chakula cha jioni pamoja.

Lazima nisimulie ya kwangu, kwa sababu bila hayo nitaonekana nachambua kutoka juu ya mti.

Nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha mkoani. Nikatumwa kwenye kata moja iliyokuwa na zahanati isiyo na paa. Kuta zimesimama misimu miwili ya mvua, mawe ya msingi yameanza kuota ukungu, na wanakijiji wanasema fedha za bati zilikuja zikaliwa. Diwani alikubali kuhojiwa. Mzee wa makamo ya baba yangu mkubwa, kofia kichwani, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Hapo Paxman hakunifundisha kitu. Kwa Kiswahili, kabla hujauliza swali la kwanza umeshamwamkia mtu, naye ameshakuita mwanawe, na mazungumzo yamegeuka ya nyumbani. Heshima inakaa ndani ya sarufi ya mkutano wenyewe, huwezi kuivua kama koti. Nikamuuliza: fedha za bati zilipokelewa au hazikupokelewa? Akaeleza habari za maendeleo ya kata. Nikarudia. Akaeleza habari za barabara. Nikarudia mara ya tatu, mara ya nne, na moyoni nilikuwa nahesabu, naapa nilikuwa nahesabu. Ya tano sikuifikia. Alimgeukia mpiga picha wangu akasema kwa upole, "Huyu binti amelelewa vizuri, ila leo jua limemchoma." Watu waliokuwa wamesimama wakacheka. Si yeye waliyemcheka.

Mhariri aliikata sehemu ile yote. Nilinuna wiki nzima, nikaona nimezibwa mdomo. Ndipo mhasibu mmoja, ambaye ilinipasa kumtafuta kabla ya kubeba kamera, alinionyesha kwamba fedha zile hazikuwahi kufika kwenye kata. Zilikuwa zimekwama juu, wilayani, na diwani mwenyewe alikuwa ameandika barua mbili kuziulizia. Hakunijibu kwa sababu aliona aibu kukiri mbele ya watu wake kwamba barua zake hazijibiwi. Swali langu lilikuwa zuri, fupi, lenye ndiyo au hapana. Nilimuuliza mtu asiyehusika.

Sikurudi kumwomba radhi. Nilikuwa na nauli, nilikuwa na muda. Sikurudi tu.

Tangu hapo, nikimtazama Paxman, kwanza naangalia aliyekaa upande wa pili. Ukifanya hivyo, orodha ya ushindi wake inapungua haraka. Juni 2012 serikali ya David Cameron iliahirisha nyongeza ya peni 3 kwenye ushuru wa mafuta ya magari, uamuzi wa ghafla uliopingana na yale mawaziri waliyokuwa wakiyatetea. Mwenye uamuzi ni George Osborne, waziri wa fedha. Hakwenda studio. Akapelekwa Chloe Smith, waziri mdogo wa umri wa miaka thelathini. Paxman alimuuliza aliambiwa lini kuhusu mabadiliko hayo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akamuuliza kama huwa anaamka asubuhi akijiuliza leo ataambiwa nini, na mwishoni kama hana uwezo wa kazi. Kile kipande kilisambaa kama moto wa makuti. Wengi walikiona kama Paxman katika ubora wake. Mimi naona mwembe na kiti cha plastiki. Yule dada aliboronga, sikatai; lakini kila alichofedheheshwa nacho kilikuwa cha mtu mwingine ambaye hakuwapo studioni. Swali ambalo lingefaa kurudiwa mara kumi na mbili usiku ule ni kwa nini Osborne hayupo.

Wanaomtetea husema kabla yake wanasiasa wa Uingereza walikuwa wanabembelezwa. Si kweli sana. Robin Day, yule mwenye tai ya kipepeo, mwaka 1982 alimwambia John Nott, waziri wa ulinzi, kwamba yeye ni mwanasiasa wa kupita tu, leo yupo kesho hayupo, na Nott akang'oa kipaza sauti akaondoka. Na alikuwapo Brian Walden, ambaye vijana wa leo hawamjui kwa sababu mahojiano yake hayakatiki vipande vipande. Walden alikuwa mbunge wa Labour kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuhamia televisheni mwaka 1977. Alijua nyumba ile kutoka jikoni. Oktoba 1989, Nigel Lawson akiwa amejiuzulu uwaziri wa fedha kwa sababu ya mshauri wa Margaret Thatcher, Alan Walters, Walden alimuuliza Thatcher kama angemfukuza Walters ili Lawson abaki. Thatcher akakwepa. Walden akarudi, kwa upole, karibu kwa huruma, akimweleza kila mara alichokuwa amekisema na kile ambacho bado hajakisema, hadi mtazamaji akabaki na picha ya mtu asiyejua kwa nini waziri wake ameondoka. Walikuwa marafiki, na alikuwa anampenda kisiasa. Hakuzungumza naye tena.

Namtaja Walden kwa sababu Paxman alikuwa na uwezo huo pia. Watu husahau alikotoka. Miaka ya 1970 alikuwa ripota Belfast, wakati mabomu yanalipuka. Akiwa na Panorama alikwenda Beirut, Amerika ya Kati, na Uganda. Mwaka 1982 yeye na Robert Harris walichapisha kitabu kuhusu historia ya silaha za kemikali na vijidudu, kazi ya kukaa kwenye makabrasha, si ya kuinua nyusi. Alipoingia Newsnight mwaka 1989 alikuwa ameshafanya kazi ya miguu ya kutosha. Zile nyusi, ile pumzi ya kuchoka, ule mtindo wa kuegemea kiti kama mtu anayesubiri basi lililochelewa, vyote vilikaa juu ya kitu. Sisi tuliomtazama kwenye simu tuliona vya juu.

Mahojiano yake ninayoyaheshimu kuliko yote hayana cha kuhesabu. Ni ya Februari 2003, ukumbi wa Baltic huko Gateshead, Tony Blair amezungukwa na wananchi wanaopinga vita ya Iraq. Blair anasema wakaguzi wa silaha walitolewa Iraq. Paxman anamkatiza: hawakutolewa, waliondoka wenyewe mwaka 1998 baada ya kuambiwa kwamba Marekani inakaribia kupiga mabomu. Blair anajaribu kupita kando. Paxman hapandishi sauti wala hadhihaki. Analishikilia lile neno "walitolewa" kama alivyolishikilia "kutishia" miaka sita nyuma. Kinachokumbukwa na wengi kuhusu usiku ule ni swali jingine, lile la kama Blair na George Bush husali pamoja. Nalo lilikuwa na ucheshi wake, lakini lilikuwa la kutafuna tu. Lile la wakaguzi lilikuwa na mfupa.

Na hata hivyo. Siku moja kabla ya Gateshead, Colin Powell alikuwa amekaa Umoja wa Mataifa na picha zake na kanda zake za sauti. Miaka kadhaa baadaye Paxman alikiri kwamba maonyesho yale yalimshawishi: alimwona Powell kama mtu makini, mwenye mashaka ya kiasili, na akadhani kama mtu huyo ameamini basi ameona ushahidi. Alisema walihadaiwa. Namheshimu kwa kukiri, wengi hawakukiri. Lakini fikiria. Mtu aliyejenga jina lake kwa kutomwamini yeyote mwenye tai alishindwa na mwenye tai aliyezungumza taratibu. Shaka yake yote ilikuwa ya ana kwa ana. Ilihitaji uso wa mtu mezani. Nyaraka na picha za setilaiti hazitoi jasho, hazimezi mate, hazibadilishi maneno. Hapo ndipo alipohitajika mtu wa makabrasha, yule wa 1982, na nadhani miaka kumi na minne ya studio ilikuwa imemfifisha.

Yaliyofuata niyapitie upesi. Mwaka 2013 alimhoji mchekeshaji Russell Brand na kumkaripia kwa kutopiga kura, mamilioni wakatazama, kisha Paxman mwenyewe akakiri kwamba kuna uchaguzi ambao naye hakupiga kura. Mwaka 2015 alimbana Cameron kuhusu mikataba ya kazi isiyo na saa za uhakika, na kwa dakika chache alikuwa yule wa zamani. Mwaka 2017, akiwahoji Theresa May na Jeremy Corbyn kabla ya uchaguzi, alikatiza mno hadi wahojiwa wakaonekana waungwana. Nilizima kabla hayajaisha. Kuna aina ya msanii wa taarabu ambaye mwisho wa siku anaimba mashairi yake kama mtu anayemwigiza yeye mwenyewe, na hadhira inampigia makofi kwa kumbukumbu.

Mwaka 2021 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Namna ulivyogundulika ameisimulia mwenyewe. Alianguka akiwa anatembeza mbwa, akapelekwa hospitali, na daktari mmoja aliyekuwa akimtazama kwenye University Challenge, kile kipindi cha maswali ya vyuo vikuu alichokiendesha tangu 1994 hadi 2023, alikuwa ameona kitu. Uso wake ulikuwa umepunguza kuchezacheza. Ugonjwa huo hukaza misuli ya uso, unakuwa kama umevaa barakoa. Zile nyusi zilizowatoa mawaziri jasho zilikuwa zimeanza kugoma, na watazamaji wengi, mimi nikiwamo, tulidhani ni ule uso wake wa siku zote wa kuchoshwa na wajinga.

Nilipotazama filamu ya ITV ya 2022 kuhusu ugonjwa wake, nilikuwa tayari kumhurumia, akaninyima nafasi hiyo. Ni mkali, ananung'unika, anawauliza madaktari maswali mafupi. Lakini kuna nyakati anauliza kisha ananyamaza, anasubiri jibu, kwa sababu safari hii kweli hajui na kweli anataka kujua. Sikumbuki kumwona hivyo Newsnight. Sasa, pamoja na watangazaji wenzake wa zamani na jaji mmoja, wote wagonjwa wa Parkinson, ameshiriki podikasti wanayozungumzia baani, wakilalamikia huduma, wakitaniana kuhusu kutetemeka.

Mwaka jana kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo alikuja mezani kwangu na simu. "Dada, hii umeiona?" Howard, Paxman, 1997, picha imefifia zaidi kuliko ninavyoikumbuka. Alikuwa anakwenda kumhoji mkuu wa idara fulani kuhusu dawa zilizopotea na alitaka kumfanyia hivyo hivyo. Nikamuuliza nani anatunza kitabu cha stoo. Hakujua. Nikamwambia aanzie huko, kisha kabla ya kulala atafute ile ya Gateshead ya 2003, dakika za wakaguzi wa silaha.

"Hiyo nayo amerudia mara ngapi?"

Nikamwambia hajarudia sana.

Akasema sawa, ataitazama akipata bando.